Mwalimu Afundishwe Kuufundisha Ulimwengu

Yako mambo ambayo Taifa huyahesabu kuwa madogo mpaka siku yanapoligharimu. Mojawapo ni hili la kuwatayarisha walimu wetu wafundishe habari za nchi na watu wa mabara mengine. Husemwa kuwa jiografia na historia zimo katika mihtasari, basi yatosha. Sisi twasema haitoshi. Kumpa mwalimu muhtasari wenye neno "Asia" bila ya kumfundisha namna ya kuisomesha Asia ni sawa na kumpa mvuvi ngalawa bila ya tanga.

Wafanyakazi na watazame maisha yao wenyewe. Mchuuzi wa Kariakoo hupanda ndege kwenda Guangzhou kutafuta bidhaa. Fundi wa kiwandani hupokea amri kwa msimamizi aliyezaliwa Uchina, Uturuki au Bara Hindi, na mara nyingi ugomvi huzuka baina yao si kwa sababu ya mshahara bali kwa sababu hakuna anayejua kwa mwenzake heshima ni nini na tusi ni nini. Na binti zetu huchukuliwa kwenda Uarabuni kutumika majumbani mwa watu. Hapo ndipo penye uchungu hasa.

Katika Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya wanawake wa Kitanzania waliofanya kazi za nyumbani Oman na katika Umoja wa Falme za Kiarabu. Wengi walieleza jinsi walivyonyang'anywa pasi zao, wakafanyishwa kazi tangu alfajiri hata usiku wa manane, na wengine wakanyimwa ujira wao. Mzizi mkubwa wa maovu hayo ni mfumo uitwao kafala, ambao huifunga ruhusa ya mtumishi ya kukaa katika nchi kwa tajiri mmoja aliyemdhamini. Mtumishi akimkimbia tajiri huyo, hata awe amekimbia kipigo, yeye ndiye huhesabiwa mkosaji. Twauliza: ni mwalimu gani aliyefundishwa chuoni kulieleza neno hilo kwa wanafunzi wake? Binti huyo hutoka shuleni akijua kuwa Oman ina jangwa na mafuta na kwamba mji wake mkuu ni Muscat. Amepata alama zake zote katika mtihani, wala hakuambiwa neno hata moja la kumlinda.

Wala hatusemi mwalimu awafundishe watoto kuwachukia Waarabu. Kuwaambia watoto kuwa watu wa nchi nzima ni wakatili ni ujinga wa namna nyingine. Mwalimu aliyetayarishwa vema angewaeleza pia kwamba Sultani Said aliyahamisha makao yake kutoka Muscat kuja Unguja yapata mwaka 1840. Kwamba baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 watu wengi walihamia Oman wakiwa na Kiswahili chao. Na kwamba hata leo wako watu Muscat wanaozungumza lugha yetu nyumbani mwao. Binti anayeyajua hayo anayo njia ya kuomba msaada barabarani. Elimu ya namna hii huonyesha wema na ubaya wa mahali pamoja, na ndiyo maana ni ngumu, na ndiyo maana haifai kuachiwa bahati ya mwalimu mmoja mmoja.

Twajua jibu watakalotupa baadhi ya wenzetu. Watasema kuwa wazee wetu walifundishwa mito ya Uingereza kabla ya kuujua Rufiji, na majina ya wafalme wa Ulaya kabla ya kulijua jina la Mkwawa, na kwamba baada ya Uhuru tuliiondoa aibu hiyo. Je, sasa twataka turudi? Hatutaki. Kosa la elimu ya kikoloni halikuwa kutaja nchi za ng'ambo. Kosa lake lilikuwa kumfundisha Mwafrika autazame ulimwengu kwa macho ya bwana wake. Mwalimu Nyerere, aliyeandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, ndiye huyo huyo aliyekuwa ameutafsiri mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar mwaka 1963, akautoa ule wa Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Hakuona kuwa kazi hizo mbili zapingana. Alikuwa mwalimu wa shule kabla hajawa kiongozi wa TANU, na alijua kuwa Mwafrika aliyesimama imara kwake aweza kuchungulia kwa jirani bila ya kuhama nyumba.

Macho ya bwana, kwa kweli, bado yametundikwa ukutani katika madarasa mengi. Ramani ya dunia iliyozoeleka huionyesha Greenland kana kwamba yakaribia Afrika kwa ukubwa, hali Afrika yaizidi mara 14 hivi. Ramani ile ilitungwa katika karne ya 16 kwa haja ya mabaharia. Kuieleza siri hiyo darasani ni kazi ya nusu saa na chungwa moja la kumenya, lakini mwalimu ambaye yeye mwenyewe hakuelezwa ataieleza vipi?

Mataifa makubwa hayalifanyii mzaha jambo hili. Warusi waliporusha Sputnik mwaka 1957, Wamarekani walishtuka, na mwaka 1958 wakatunga sheria ya elimu kwa ulinzi wa taifa lao, wakatoa fedha za kusomesha lugha na habari za mabara mengine katika vyuo vikuu. Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha hizo. Baadaye vituo vile vilifungua milango kwa walimu wa shule za kawaida wakati wa likizo. Na mwaka 1961, walipoanza kuleta walimu Kenya, Uganda na Tanganyika, waliwapitisha kwanza katika mafunzo, New York na Makerere, wapate kutujua kabla ya kutufundisha. Hawakufanya hayo kwa kutupenda tu. Walifanya kwa faida yao, na hatuwalaumu. Twawalaumu wetu wanaodhani kuwa sisi hatuna faida yetu ya kuitafuta.

Hapa lipo onyo. Balozi za nchi za nje ni karimu. Huleta vitabu, ramani na walimu wa lugha. Tuvipokee na kushukuru. Lakini hakuna ubalozi unaoleta kitabu cha aibu za nchi yake. Mwalimu asiyefundishwa kupima huwa tarishi wa kila anayempa kitabu.

Wala tusiambiwe kuwa fedha hakuna. Fedha za maofisa kwenda ng'ambo kwa ziara za mafunzo hupatikana, na wengi wao hawajashika chaki miaka mingi. Vifaa vya somo hili vimejaa hapa hapa. Vigae vya Kichina vimetapakaa katika magofu ya Kilwa na Kaole. Sarafu za shaba za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika kisiwa kimoja cha kaskazini mwa Australia, na habari hiyo peke yake yatosha kumwamsha mtoto aliyesinzia saa nane mchana. Gongo la Mboto yako makaburi ya Wachina waliokufa wakati wa kuijenga reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1970. Ni walimu wangapi wa Ilala waliokwisha kuwapeleka watoto pale? Na katika kinywa cha kila mtoto kuna meza na bendera za Wareno, na shule ya Wajerumani.

Twaomba basi Wizara ya Elimu iwapeleke wanachuo wa ualimu wa Mtwara Kilwa, kwa somo na si kwa matembezi, na wa Dar es Salaam iwapeleke Kaole na Gongo la Mboto. Mafunzo endelevu ya walimu kazini yamekwisha kuanzishwa, na walimu hukutana shuleni mwao. Katika mikutano hiyo ziwekwe siku za somo hili. Na matawi ya Chama yasikae yakingoja Serikali. Katika kila tawi la mjini wako wanachama waliofanya kazi Muscat, Dubai au Guangzhou, na mabaharia wa zamani waliozunguka bandari za dunia. Makatibu waandike majina ya wale walio tayari, wayapeleke kwa walimu wakuu kabla ya likizo ya Juni, na wa kwanza kuitwa wawe wanawake waliorudi kutoka Uarabuni.