Baraza la Jioni: Utani Una Mipaka Yake



Mwezi huu nilikusudia kusema nanyi juu ya akiba ya chakula, lakini habari hiyo itangoja. Jioni moja mama mmoja wa mtaani kwetu alifika barazani pangu ameshika shati mkononi. Lilikuwa shati jipya la mwanawe, mtoto wa miaka kumi na mitano, nalo limekatwakatwa kwa wembe tangu ukosi hata pindo, limekuwa kama jani la mgomba lililopigwa na upepo. Mtoto alirudi kutoka kiwanja cha mpira kifua wazi, akasema ameanguka. Baba yake alipoijua kweli akacheka, akasema, "Mwacheni akomae, ndio uanaume huo." Mama hakucheka. Akaniuliza, "Mwalimu, je, hili ni jambo la kucheka?"

Nikawaita vijana wakubwa wa timu, nao hawakukana. Wakasema kila mgeni hufanyiwa hivyo, ni utani tu, tena wameiga timu mashuhuri ya Uingereza iliyotwaa Kombe kwa desturi hiyo hiyo. Wakanionyesha na picha zake katika simu. Basi nikaona si vema kuwakemea kwa jambo nisilolijua. Nikaitafuta habari ya timu ile, nami nawasimulia leo kama nilivyoipata, mema yake pamoja na mabaya yake.

Timu yenyewe ni Wimbledon, ya upande wa kusini wa London. Kwa muda mrefu ilikuwa timu ndogo, hata mwaka 1977 ndipo ilipopokewa katika Ligi, nayo ikawekwa daraja la nne, lililo la chini kabisa. Baada ya miaka tisa tu, yaani mwaka 1986, ilikuwa imekwisha panda mpaka daraja la kwanza, wakaa wakubwa wenye fedha. Wao fedha hawakuwa nazo, na uwanja wao, Plough Lane, ulikuwa mdogo na duni. Wachezaji wao hawakuzoea kubembelezwa. Vinnie Jones alikuwa akiwabebea waashi matofali kabla ya kuja huko mwaka 1986. John Fashanu, ambaye baba yake ni Mnigeria, hakulelewa na wazazi wake. Yeye na ndugu yake walilelewa nyumbani kwa watu wengine.

Mwalimu wao, Dave Bassett, hakuweza kununua mafundi wa mpira; kwa hiyo akawafundisha mchezo wa njia ya mkato. Mpira ulipigwa mbali na juu, Fashanu akaurukia, na wenziwe wakapakimbilia pale utakapoangukia. Macho hayakufurahi, lakini timu za wenye majina zilichoka. Pamoja na hayo walikuwa na silaha ya pili, nayo ni hofu. Walipiga makelele katika njia ya kuingilia uwanjani, wakawatisha wageni kabla filimbi haijalia, na mpira ulipoanza waliwaendea kwa viwiko na kwa miguu. Mwezi wa Februari 1988 mpiga picha mmoja alimpata Vinnie Jones akimshika Paul Gascoigne wa Newcastle kwa mkono wa nyuma, tena mahali pasipotajwa katika gazeti linalosomwa mbele ya watoto. Picha hiyo imezunguka dunia, na vijana wetu wanayo. Watu wakawaita Crazy Gang, yaani Kundi la Wendawazimu, nao wakalipenda jina hilo, wakalivaa kama kilemba.

Ikafika tarehe 14 Mei 1988, siku ya fainali ya Kombe la F.A. katika uwanja wa Wembley, mbele ya watu zaidi ya 98,000. Wapinzani wao walikuwa Liverpool, mabingwa wa Ligi mwaka ule. Bassett alikuwa amekwisha ondoka, na Bobby Gould ndiye aliyeshika nafasi yake. Katika dakika ya 37 Dennis Wise alipiga mpira wa adhabu, na Lawrie Sanchez akaufunga kwa kichwa. Kipindi cha pili Liverpool wakapewa penalti. Akapiga John Aldridge, na mlinda mlango Dave Beasant akaruka akaipangua. Hapana mtu aliyepata kuzuia penalti katika fainali ya Kombe hilo uwanjani Wembley kabla yake, wala hapana mlinda mlango aliyepata kulipokea Kombe hilo uwanjani humo akiwa nahodha. Wimbledon wakashinda bao moja kwa bila.

Ndugu zangu, sitaki kuwanyima heshima yao. Watu wadogo waliodharauliwa waliwashinda wakubwa, na moyo wa mtu hufurahi kusikia hivyo. Lakini bao lile lilitoka katika mpira wa adhabu uliopigwa vema na kichwa kilichojua mahali pake, na penalti ilizuiwa na mtu aliyejifunza kazi yake. Hapana shati lililokatwa lililofunga bao. Hilo vijana wetu hawakuliona katika picha.

Sasa tuingie katika chumba chao cha kuvalia, maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mgeni akifika, nguo zake zilikatwa au zilichomwa moto. Mwenye kununa aliongezewa. Mwenye kustahimili akapokewa, naye akingoja mgeni mwingine aje ili amtendee kama alivyotendewa. Mwaka 2014 ilitolewa filamu ya televisheni juu yao, na humo waliokuwamo walisimulia mambo mengi, ya ukatili na ya mapigano ya wao kwa wao. Wengine walikasirika, wakasema habari imetiwa chumvi. Bassett na mchezaji wake wa zamani Wally Downes waliandika kitabu chao mwaka 2015, wakaeleza kwamba nguvu yao ilikuwa kazi na upendano. Mimi naamini pande zote mbili zilisema yaliyo mioyoni mwao. Aliyecheka akumbuka kicheko, na aliyelia akumbuka kilio. Nao walikuwa katika chumba kimoja.

Hapa ndipo nataka tusimame, maana neno lililotumika kule ndilo lililotumika kiwanjani kwetu: utani. Sisi hatuhitaji kufundishwa utani na watu wa London. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Mjukuu na babu ni watani. Mtani huingia msibani akaiga kilio cha wafiwa, akachukua kuku wako, nawe huna ruhusa ya kununa. Lakini utani wetu una alama mbili. Ya kwanza ni haki ya kujibu: leo wanichezea, kesho nitakuchezea wewe, wala hapana aliye juu ya mwenziwe. Ya pili ni deni: mtani yule yule aliyenichekesha msibani ndiye anayeshika jembe kuchimba kaburi. Ukiziondoa alama hizo mbili, kilichobaki si utani. Ni uonevu uliovaa kanzu ya utani.

Nikawauliza wale vijana, "Yule mtoto angewakatia ninyi mashati, mngefanyaje?" Mmoja akasema upesi kabla hajafikiri, "Tungempiga." Wenziwe wakamtazama, akainama.

Na uonevu ukisha kuzoewa chumbani haukai chumbani. Hutoka nje pamoja na timu. Mwezi wa Desemba 1987 John O'Neill, beki wa Ireland ya Kaskazini aliyecheza Kombe la Dunia mwaka 1982 na 1986, alifika Plough Lane kuichezea Norwich kwa mara ya kwanza. Akagongana na Fashanu, goti lake likaharibika, wala hakucheza tena. Alipeleka shauri mahakamani, likamalizwa kwa mapatano pasipo hukumu. Mwaka 1993 kiwiko cha Fashanu kilimvunja Gary Mabbutt wa Tottenham mifupa ya uso, na aliporudi uwanjani alicheza amevaa kinyago cha kumkinga. Kusudi la moyo wa mtu silijui, wala simhukumu. Lakini goti la O'Neill halikupona kwa kuambiwa kwamba ni mchezo tu. Tena mwaka 1992 Vinnie Jones alitokea katika filamu iliyowasifu wachezaji wakali na kueleza hila zao, na Chama cha Mpira cha Uingereza kikamtoza pauni 20,000. Wazee walisema kweli, mzaha mzaha hutumbua usaha.

Mzee mmoja aliyeketi nami barazani alinipinga. Akasema, "Mwalimu, nasi tulipikwa jandoni, tukachapwa, tukanyimwa usingizi, ndiyo maana leo tu wanaume." Neno lake lina uzito, nami nililifikiri usiku kucha. Asubuhi nikamjibu: Baba, kungwi alikuwa mtu mzima aliyejulikana. Mtoto akiugua, yeye ndiye aliyeulizwa. Mtoto akifa, yeye ndiye aliyemkabili mama yake. Je, kwa shati hili ni nani wa kuulizwa? Mzee akanyamaza, kisha akasema, "Hapo umenishika."

Wala msidhani nanyosha kidole nikiwa na mikono safi. Nilipokuwa mwanafunzi wa bweni, tulikuwa na mwenzetu mdogo aliyetoka mbali, mwenye kigugumizi. Kila usiku wakubwa walilimwagia maji blanketi lake. Mimi sikumwaga, lakini nilicheka, kwa sababu nilihofu kwamba nisipocheka zamu itakuwa yangu. Likizo ilipofika alikwenda kwao, wala hakurudi. Miaka zaidi ya thelathini imepita, na kicheko changu nakisikia mpaka leo. Wengi katika vyumba kama vile si wakatili. Ni watu wenye kuogopa, na hofu yao ndiyo inayompa mkatili nguvu.

Nimalizie habari ya Wimbledon. Mwaka 1991 waliuacha uwanja wao wakawa wapangaji kwa jirani. Tarehe 14 Mei 2000, miaka kumi na miwili kamili tangu siku ya Kombe, walishuka daraja. Mwaka 2002 wenye timu wakapewa ruhusa kuihamishia Milton Keynes, mwendo wa kilomita kama 90, nayo ikaenda. Sisemi waliangushwa na mashati; waliangushwa na fedha na kukosa uwanja. Lakini washabiki waliobaki pasipo timu walikutana mwaka ule ule 2002, wakaanzisha yao wenyewe, AFC Wimbledon, wakaanza chini kabisa, wakachangiana. Baada ya miaka tisa, mwaka 2011, wakaingia katika Ligi, na mwaka 2020 wakarudi Plough Lane. Miaka tisa kule, miaka tisa huku. Hawa wa pili waliunganishwa na jambo walilolipenda wote, wala haikuwapasa kumchomea mtu nguo.

Basi ninyi akina baba, mtoto akirudi kifua wazi msicheke kwanza. Mwulizeni, tena mngojeni ajibu. Nanyi vijana wangu, mgeni akija mpimeni kwa kukimbia na kwa kuwahi mazoezini. Mkitaka kumtania, mtanieni, naye awatanie. Siku atakapofiwa, tuwaone mmeshika majembe.

Wale vijana wamechanga, wamenunua shati, wamelipeleka wenyewe kwa yule mama, na aliyesema "tungempiga" ndiye aliyelikabidhi. Mtoto amelipokea. Kiwanjani hajarudi bado. Baba yake aniambia kwamba sasa jioni humkuta ameketi mlangoni, akisikiliza kelele za mpira kwa mbali. Naye baba hacheki tena.