Mlango Aliofunguliwa Hitler

Wazee wa Karagwe na Kyerwa hawahitaji kufundishwa ubaya wa ufashisti. Waliuona ng'ambo ya Mto Kagera. Nduli Idi Amin, ambaye majeshi yake yaliteka ardhi yetu hadi Kyaka mwaka 1978, ndiye aliyempelekea Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa simu ya maandishi Septemba 1972, akimsifu Hitler kwa kuwaua Wayahudi.

Walimu wetu wanapoieleza vita ile wasiishie kwenye mizinga. Huyo Hitler aliipataje dola? Ujerumani, iliyoitawala Karagwe hadi 1916, ilishindwa vita mwaka 1918, ikabaki na njaa, madeni na askari wenye kinyongo. Katika uchaguzi wa Novemba 1932 Wasoshalisti na Wakomunisti kwa pamoja walipata viti 221, Manazi 196. Navyo vyama hivyo vya wafanyakazi vilifanya nini? Vilitukanana! Wakomunisti waliwaita wenzao mafashisti. Hawakuwa wamesahau, na kwa haki, kwamba Rosa Luxemburg aliuawa Januari 1919 na askari walioitwa na serikali ya Wasoshalisti. Januari 30, 1933, Rais Hindenburg, kwa ushauri wa wakubwa wenye mali, alimkabidhi Hitler serikali. Kabla ya Julai vyama vyote viwili vilikuwa vimepigwa marufuku, na wafuasi wao wakakutana katika kambi za mateso.

Waganda waliokutana Moshi Machi 1979 waliunda umoja. Aprili Amin akaanguka. Juni Rais Lule akaondolewa, baada ya siku 68 tu, na Februari 1981 waliokaa meza moja Moshi walikuwa wakipigana msituni.