MAONI: ANAYEKOROMA HAJISIKII

Ndugu wanakijiji,

Kukoroma tumekufanya kichekesho mchana na ugomvi usiku. Mama akisema "jana sikulala kwa ajili yako", mzee anaona ametukanwa. Mama anahamia kulala na watoto, na mwezi ukiisha majirani wanaanza kuulizana kuna nini nyumba ile. Mimi nasema mama asigombezwe. Anayekoroma hajisikii, shahidi wake ni yule aliye ubavuni.

Na ushahidi huo una uzito. Kukoroma kwingine ni kelele tu. Lakini yuko mtu anakoroma, ghafla kimya, pumzi imekatika sekunde 10 au zaidi, halafu anashtuka kama aliyekabwa. Koo limelegea likaziba njia ya hewa. Waganga wanaiita apnia ya usingizi. Huweza kurudia mara nyingi kwa saa moja, na asubuhi mwenyewe hakumbuki kitu. Anaamka kichwa kinauma, mchana anasinzia machungani au juu ya pikipiki, hasira ziko karibu, na presha yaweza kupanda. Tunamwita mvivu, kumbe usiku kucha alikuwa anapigania hewa.

Jirani zetu Wahadzabe wa Ziwa Eyasi walichunguzwa usingizi wao na wataalamu, taarifa ikatoka mwaka 2017. Watu wazima 33, siku 20: muda ambao wote walikuwa wamelala kwa pamoja ulikuwa dakika 18 tu. Saa nyingine zote alikuwepo aliye macho. Basi usiku una mlinzi wake, na ndani ya nyumba mlinzi ni mwenzako. Mlinzi akipiga kelele hapigwi. Naye akihama, nani atasikia pumzi ikikatika?

Hivyo basi, kina mama semeni, ila si mbele ya wageni. Wazee wenye nyumba zaidi ya moja, waulizeni wake zenu wote. Mama naye akikoroma asichekwe. Tulale ubavu, tuache pombe ya jioni, aliyenenepa apunguze mwili. Mkiona pumzi inakatika, nendeni kwa mganga wawili pamoja, maana atauliza mambo ambayo mgonjwa hawezi kuyajibu. Mtoto anayekoroma kila usiku naye apelekwe.

Ni mimi,
Mwanaushirika, Kakesio