Haya Isiyo na Kosa

Kuna haya za aina mbili, na wengi wetu twazichanganya. Ya kwanza ni haya ya kutenda uovu. Hiyo ni pambo la mtu, na asiyekuwa nayo hafai kuaminiwa. Ya pili ni haya ya kuonekana: kuogopa kuimba kwa kuwa sauti si nzuri, kuogopa kucheza ngoma kwa kuwa viungo havina mazoea, kuogopa kuuliza kwa kuwa wenzetu watacheka. Haya hii haizuii uovu wowote. Nathubutu kusema kuwa si adabu bali ni mwizi, nasi walimu na wazazi ndio tumfunguliao mlango.

Mtazame mtoto wa miaka sita. Akipata makaratasi na kamba huunda mpira, akacheza mpaka jua likachwa, wala hajiulizi kama mpira wake wapendeza machoni pa watu. Akianguka hucheka, akajipangusa vumbi, akaendelea. Watoto wa makabila mbalimbali wakikutana katika mtaa mmoja wa Mombasa au Nakuru, haupiti muda mrefu ila huzungumza Kiswahili pamoja. Hawakungoja kukijua ndipo wakiseme. Walikisema ndipo wakakijua. Mtu mzima aliyehamia siku ile ile bado yu kimya, akihofia kukosea. Wahenga walisema: ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Mtoto huinama mara moja. Mtu mzima hutazama kwanza ni nani amwonaye.

Nilipokuwa chuoni nikijifunza ualimu, nilipelekwa katika shule moja ya msingi kufundisha kwa majaribio. Wakati wa mapumziko wasichana wadogo walinikaribisha kuruka kamba. Nilikataa, maana suruali yangu ilikuwa imepigwa pasi, nami nilitaka kuheshimiwa. Mmoja wao alinitazama kwa huruma, akauliza, "Mwalimu, unaumwa mguu?" Hakuona sababu nyingine ya mtu mwenye miguu miwili kuikataa furaha.

Juma lile lile mvulana mmoja alikosea kusoma neno. Darasa likacheka, nami nikacheka pamoja nalo. Tangu siku ile mkono wake haukuinuka tena mpaka nilipoondoka. Kicheko changu kilidumu kitambo kidogo tu. Kimya chake sijui kiliishia wapi. Hivyo ndivyo haya ya kuonekana ifundishwavyo. Haimo katika ratiba ya masomo, lakini wanafunzi huihitimu wote.

Watu watasema kuwa dunia si mchezo, na kwamba kila umri una heshima yake. Ni kweli. Simwambii mtu aache kazi akacheze, wala sisifu ukaidi wa kitoto. Mtoto ana mengi ya kujifunza kwetu, kama subira na kutimiza ahadi. Lakini mchezo wake si mzaha. Hutia moyo wake wote katika jambo alifanyalo, kuliko wengi wetu tuketio mezani tukitazama saa. Tena heshima ambayo huvunjwa na wimbo mmoja au swali moja haikuwa heshima. Ilikuwa hofu iliyovaa koti.

Mwaka 1989 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Mtoto, na Kenya ikauridhia mwaka 1990. Kifungu cha 31 kinatambua haki ya mtoto ya kupumzika na kucheza. Mtoto katika mkataba huo ni mtu aliye chini ya miaka 18. Basi, msomaji wa shule ya sekondari, yamkini nawe umo. Usikubali kuambiwa kuwa furaha uliiacha katika shule ya msingi pamoja na kaptura.

Ukiwa na swali, inua mkono. Ukipenda kuimba, imba. Mwenzako akijikwaa katika neno, usimcheke, mngoje amalize. Nami nimetimiza shauri langu mwenyewe: kamba ikizungushwa, sasa huvua viatu nikaruka. Naruka vibaya. Watoto hucheka, kisha hunizungushia tena, na darasani hakuna hata mmoja aliyepunguza utii kwa sababu hiyo. Walioongezeka ni wale wainuao mikono.