Mwacheni Mama Vitumbua Apumue

Juzi kwenye daladala redio ilikuwa imempa nafasi mmoja wa hawa wanaojiita makocha wa fedha. Akatuambia Mtanzania hajengi kwa sababu ya chai na vitumbua vya barabarani. Acha hiyo elfu moja kila siku, akasema, na mwaka ukiisha utashangaa. Abiria wawili watatu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilitamani kushuka.

Haya, tupige hesabu. Elfu moja mara siku 365 ni 365,000. Basi, hakuna zaidi. Kwa Dar es Salaam hiyo haifikishi kodi ya miezi sita ya chumba na sebule mahali pa maana. Yaani ushinde na njaa mwaka mzima, kisha mwenye nyumba aje kuimeza yote na bado akudai.

Bajeti haifi kwa kitumbua. Inauawa na gharama kubwa zinazokuja kwa tarehe tunayoijua vizuri, nasi tukijifanya hatuijui. Shule zinafunguliwa Januari. Zilikuwa zikifunguliwa Januari nikiwa navaa kaptula. Ada ya sekondari za serikali hadi kidato cha nne ilifutwa 2016, lakini viatu, sare na madaftari havikufutwa, na waliopeleka watoto shule binafsi wanajua wenyewe. Bado kila Januari mtu mzima na ndevu zake anakuambia amepatwa na dharura! Kodi ya miezi sita nayo dharura. Bima ya gari dharura. Mchaga anayeshtukizwa na nauli ya Moshi mwezi Desemba sijui alilelewa wapi.

Kodi ikiwa laki moja kwa mwezi, inalipwa kila mwezi, mwenye nyumba awe amekuja au hajaja. Unaitoa kwenye mshahara siku ileile na kuiweka mahali ambapo mkono wako haufiki kirahisi, iwe kikoba au akaunti isiyo na kadi. Ada vivyo hivyo: gawa kwa 11, anza Februari. Wengi tunaandika bajeti ya mwezi wa kawaida, na mwezi wa kawaida sijawahi kuuona. Ukitoka madeni ya Januari kuna sikukuu, ukitoka sikukuu kuna msiba, ukitoka msiba bati limevuja.

Jirani yangu mmoja, tena mhasibu, akanijia na haba na haba hujaza kibaba. Sawa, bwana mhasibu. Tangu nimfahamu hajanunua hata soda, na kila shule zikikaribia kufunguliwa anabisha hodi kwangu kuazima. Hicho kibaba kinajaa kwa nani?

Wasiokuwa na jirani wa kumbishia hodi wanaenda kwa kausha damu, au kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 zilizokuwa zikikopesha watu bila leseni. Sitini na tisa! Nani aliwahi kukopa huko ili anywe chai?

Na makocha hawa, mbona hawagusi michango? Unalala salama, unaamka umeshaingizwa kwenye kundi la WhatsApp la harusi ya mtoto wa binamu wa mtu mliyesoma naye. Jina lako liko kwenye orodha, mbele yake pameandikwa AHADI, pengo linakusubiri. Kadi ya mtu mmoja 100,000, ya wawili 150,000. Hujapumua, kuna send-off, na kitenge cha sare. Kadi moja tu hapo ni chai ya siku 100, lakini anayesemwa redioni ni mama wa watu na kikaango chake.

Mimi nimetenga 240,000 kwa mwaka kwa ajili ya harusi za watu. Mwaka huu zilikwisha Agosti. Wiki iliyopita mwenyekiti wa kamati fulani akanipigia, nikamwambia fungu limeisha, ajaribu Januari. Akanuna. Akasema hata serikali huongeza bajeti katikati ya mwaka. Nikamwambia serikali inakopeshwa na Benki ya Dunia. Mimi nakopeshwa na shemeji, na huyo tayari hapokei simu zangu.