Moteri imechoka: kuitengeneza ao kuweka ingine?

Mwezi huu tuzungumuze juu ya gari. Kama hauna gari, usifunge ukurasa. Franga zinazoenda garajini ni zile zile za masomo na za dawa, na mama wa nyumba pia iko na haki ya kusikia hesabu.

Kule Marekani kuna watu wanaopenda gari zao za zamani za nguvu, Mustang na Camaro, na wanabishana sana: moteri ya kuzaliwa nayo ibaki, ao itoke? Wao wanalinda bei ya gari. Sisi Walikale, mwenye Land Cruiser ya miaka ya 1980, ile ya moteri 2H yenye silinda sita, analinda bugali ya watoto. Lakini ulizo ni lile lile.

Kwanza, usikubali moteri ishushwe juu ya moshi tu. Moshi mweusi mara nyingi ni hewa kidogo ao mazutu mengi: safisha filtre ya hewa (vumbi ya kiangazi inaziba upesi), kisha pimisha enjektere. Moshi wa bluu ni mafuta ya moteri yanayoungua. Hapo segma ao valvu zimelika. Moshi mweupe usioisha hata moteri ikipata moto, angalia maji ya radiatere kama yanapunguka. Omba fundi apime presha ya silinda zote sita, aandike namba kwenye karatasi. Silinda moja ikiwa chini sana na zingine ni nzima, pengine ni valvu ao joento ya kulasi, kazi ndogo.

Zote zikiwa chini, sasa uchague.

Kutengeneza upya inaomba silinda zichongwe, pistoni kubwa zaidi kidogo (mara nyingi nusu ya milimeta), segma mpya, kusine mpya, na vilbreke ipimwe. Mashine ya kuchonga haipatikane katika kila garaji ya kijiji. Bloku inapashwa kusafiri, na unajua barabara zetu.

Kubadilisha inaonekana rahisi. Wengi wanatamani 1HZ, iliyotoka mwaka wa 1990: lita 4.2, haina turbo, haina kompyuta, fundi wengi wanaijua. Ni moteri nzuri, sibishi. Lakini haiingii peke yake. Bwati ya vitesi ya zamani inakubaliana nayo? Vishikio vya moteri je? Na umeme: Land Cruiser zingine za zamani ni za volti 24, zingine 12. Ukichanganya, demarere ao buji za kupasha moto zinaungua siku ya kwanza. Tena 1HZ inatumia mkanda pale 2H inatumia meno ya chuma. Mkanda wa moteri ya okazioni haujui umri wake. Weka mpya mbele ya kuwasha, maana ukikatika, valvu zinapigana na pistoni.

Na muuzaji atakuambia moteri «imetoka Dubai, haijachoka». Pima presha yake pia, mbele ya kulipa. Dai risiti yenye namba ya moteri.

Mimi nasema hivi: bloku ikiwa haina ufa na vilbreke ingali inachongeka, tengeneza ile yako. Unajua ilikotoka. Bloku ikipasuka, nunua 2H ingine mbele ya kufikiri 1HZ.

Jambo moja watu wanasahau: siku. Machi 2025 vita ilipoingia Walikale-centre, watu walikimbia. Gari yenye moteri juu ya meza haikimbize mutu, haipeleke mama mwenye uchungu wa kuzaa. Kwa hiyo usifungue kitu mbele piesi zote hazijafika mkononi, joento mpaka bulo ya mwisho. Fundi akisema «tufungue kwanza, tutatafuta baadaye», mwambie ufunguo unabaki nyumbani.

Ikisha kufungwa, kilometa 1,000 za kwanza usipakie mizigo mikubwa wala kuikaza kwenye milima ya Masisi. Kisha mwaga mafuta yote ya moteri na filtre yake, hata kama yanaonekana safi.