Makofi ya Bure

Kuna sentensi moja nimeisikia Thika, nikaisikia Ruiru, nikaisikia hadi ndani ya mathree ya kurudi nyumbani: "Wacha kuwaponda bana, tasnia bado ni changa." Ati tamthilia ya muziki Kenya ni mche uliochipuka jana, na neno moja kali litaukausha. Wanaoisema wengi ni watu wazuri. Marafiki wa waigizaji, mama za waigizaji, pasta aliyetoa ukumbi kwa bei nafuu. Lakini sentensi yenyewe ni uongo, na ndiyo imetuweka pale pale.

Changa tangu lini? Hapa ni Kaunti ya Kiambu. Kaunti hii hii, upande wa Limuru, wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ walijenga ukumbi wa wazi wa kukaliwa na watu 2,000, na tarehe 2 Oktoba 1977 wakafungua Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ uliojaa nyimbo na ngoma. Hiyo ni karibu miaka hamsini. Mtu wa umri huo hatumwiti mtoto.

Na vile mchezo ule ulipikwa ndiyo hoja yangu. Mazoezi yalifanywa hadharani. Mtu angepita, akae, asikilize, aseme hapa hapana. Ngũgĩ ameeleza hayo katika Detained na Decolonising the Mind: wanakijiji walikataa maneno waliyopewa wahusika wazee kwa sababu mzee haongei hivyo, na watu waliojua kazi ya kiwandani walieleza vile mfanyakazi hunyonywa kule. Gĩtiiro, yale majibizano ya kuimba ya harusini, yalifundishwa hatua kwa hatua na mama wa kijijini asiyejua kusoma. Wasomi wawili wa chuo kikuu wanaambiwa na watu wa shamba kwamba hapa mmekosea, na wanafuta, wanaandika tena. (Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo sehemu hii huwa naipenda kupita kiasi.)

Mchezo ulipigwa marufuku tarehe 16 Novemba, wiki sita tu baada ya kufunguliwa. Tarehe 31 Desemba Ngũgĩ akakamatwa, akawekwa kizuizini karibu mwaka mzima. Mwaka wa 1982 kikundi hicho kikajaribu Maitũ Njugĩra, iliyobeba nyimbo nyingi hata zaidi. Kibali hakikutoka, na ukumbi wa Kamĩrĩĩthũ ukabomolewa. Hakuna mhakiki aliyekuja na tingatinga. Ilikuwa serikali.

Nasema hivi juu siku hizi watu huchanganya mambo mawili. Aprili 2025, wasichana wa Butere walifika Nakuru kwa tamasha la kitaifa la drama na Echoes of War. Mahakama ilikuwa imeamuru waruhusiwe, lakini waliimba wimbo wa taifa wakaondoka jukwaani, na nje polisi walirusha vitoa machozi. Hivyo ndivyo kunyamazishwa kunavyofanana. Mimi nikiandika kwamba wimbo wako wa tatu hausikiki, sijakuzima spika. Nimekaa kwenye kiti nilichokilipia, nikakusikiliza hadi mwisho, nikarudi nyumbani kufikiria kazi yako. Ni watu wangapi wamekufanyia hivyo mwaka huu?

Halafu kuna hesabu ndogo ambayo sijui kwa nini hatuipigi. New York au London mchezo huenda usiku baada ya usiku, kwa hivyo gazeti la asubuhi laweza kukausha foleni ya tiketi. Hata huko si lazima. Les Misérables ilipofunguliwa London Oktoba 1985 wahakiki wengi waliiponda, na mpaka leo London inaichezwa. Sisi hapa tunacheza Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, mara nyingi basi. Uhakiki wangu hutoka Jumanne. Viti vimesharudishwa kanisani, pesa ya jenereta imeshalipwa au imeshakopwa. Naua nini Jumanne?

Uhakiki ukiwa na nguvu yoyote kwetu, nguvu hiyo iko kwa mchezo unaofuata. Na hapo ndipo makofi ya bure yanaumiza.

Nipeane mfano. Kikundi kimoja cha Ruiru, sikitaji, kilifanya mchezo wa muziki kuhusu makanga. Hadithi ilikuwa poa, tena ya kuchekesha. Maongezi yalikuwa Sheng ya kweli, ile ya stejini. Kisha makanga akafungua mdomo kuimba, na ghafla akawa mtu aliyeshuka ndege kutoka Broadway. Wimbo wake mkubwa ulikuwa kuhusu barabara, yaani Thika Road, maisha yake yote. Lakini mahadhi yaliweka uzito kwenye silabi ya pili: ba-RA-bara. Kwa Kiswahili hilo ni neno jingine kabisa, maana yake sawasawa. Mkazo wetu kwa kawaida hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, na barabara ya kupitia magari ni bara-BA-ra. Kwa hivyo jamaa aliimba kwa machozi kwamba sawasawa imemlea na sawasawa imemzika kaka yake. Walioketi nyuma yangu walicheka. Haikuwa sehemu ya kucheka.

Hilo si kosa la sauti yake. Ni kosa la kuchukua mahadhi yaliyoshonwa kwa Kiingereza na kuyavalisha maneno yetu. Gĩkũyũ ndiyo hatari zaidi, kwa kuwa ni lugha ya toni: pandisha sauti mahali pa kushusha na unaweza kuimba neno ambalo hukulikusudia. Mama yule wa gĩtiiro hakuhitaji kuambiwa hivyo. Sisi tunahitaji, na wa kutuambia tunamwita adui.

Niliandika hayo, na nikaandika pia kwamba dada aliyeimba wimbo wa mwisho ana sauti ambayo sijasikia nyingine kama hiyo kutoka Juja hadi Makongeni, ila alifunikwa na biti ya kompyuta. Nilitolewa kwenye grupu ya WhatsApp kabla ya chakula cha mchana. Sawa, grupu ni yao. Lakini onyesho lao lililofuata, biti ilikuwa juu vile vile na dada alizama vile vile. Onyesho la tatu hakuwepo. Nilipouliza nikaambiwa ameachana na mambo ya sanaa, ati aliona hana kipaji. Chini ya picha zake zote kulikuwa na maoni ya moto na makopa. "Umeua, dada." Hakuna aliyemwambia kwamba tatizo lilikuwa la fundi mitambo.

Watazamaji nao si wajinga. Ukumbini wanasimama na kupiga makofi. Uhakiki wenyewe wanautoa kwenye mathree, kabla hamjafika mataa, na ni mkali kuliko wangu. Kisha hawarudi. Sensa ya 2019 ilihesabu karibu watu nusu milioni Ruiru na zaidi ya laki mbili u nusu Thika, na bado tunaigizia binamu zetu. Mchezo wa Ngaahika Ndeenda uliporudi Mei 2022 kwa Kiingereza na Gĩkũyũ, sisi wa huku tulipanda gari kwenda Kenya National Theatre, Nairobi, kuangalia mchezo uliozaliwa kaunti yetu.

Ndiyo, kuna wanaoponda kwa raha tu. Kumcheka msichana mwili wake kwenye TikTok ni matusi, na siwatetei. Lakini dawa ya matusi haiwezi kuwa kumfukuza na yule aliyesikia barabara ikiimbwa vibaya.

Nasikia kikundi kile kinarudi Agosti, na makanga ameongezewa wimbo. Fungueni mlango wiki mbili kabla, kama Kamĩrĩĩthũ. Iteni mama wa kibanda cha nje, iteni makanga wawili wa kweli kutoka stejini, wapeni chai na karatasi. Waandike maneno waliyosikia kwenye kila wimbo, kisha mlinganishe na yale mliyoandika nyinyi. Mimi msiponiita ni sawa tu.